Niliandika kwenye CV kwamba najua Maa, halafu interview ikawa Kajiado

Wakuu, heri ya mwaka mpya, hata kama nimechelewa. Nawasalimu mlio kazini mnaosoma huu uzi mkificha simu chini ya meza, na ninyi mlio nyumbani mnaosoma bila kuficha.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mwezi wa kwanza mwaka huu. Sitaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini mambo ya kuongeza chumvi nimeyaacha.

Naishi Kitengela, nyumba ya kupanga, na mke na mtoto mmoja, Ian. Kwetu ni Vihiga. Nilikuwa storekeeper kwa miaka mitano, mkataba ukaisha mwaka jana katikati na haukurudi.

Majirani sikuwaambia. Niliwaambia nafanya kazi online.

Kila asubuhi nilikaa nje ya mlango na laptop, nabonyeza bonyeza huku nimekunja uso. Laptop yenyewe ilikuwa haiwaki.

Krismasi tukaenda kwao mke wangu, Vihiga hukohuko, na huko akanipa deadline. Mwezi wa kwanza ukiisha sijapata kitu, tunahama Kitengela, nakuwa msaidizi wa Wycliffe.

Wycliffe ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ana kuku wengi na maneno mengi zaidi. Alikuwa tayari ameniwekea gumboots. Size yangu kamili, na sikumbuki kumwambia mtu size yangu.

Wakuu, naweza kufanya kazi chini ya mtu yeyote. Lakini si chini ya kijana niliyemnunulia soda siku ya mahari akiwa darasa la sita.

Basi Januari nikaingia kazi ya kutafuta kazi. Nikabadilisha email, ile ya zamani niliifungua nikiwa form three na sitaitaja hapa. Nikaandika CV upya. Excel, expert. Leadership, team leader.

Halafu nikaona tangazo. Mradi wa maji, Kajiado town, wanatafuta storekeeper. Mstari wa mwisho ukasema anayejua Maa, lugha ya Wamaasai, atapewa kipaumbele.

Nikajiambia, nimekaa Kitengela miaka saba. Ng'ombe wakivuka barabara wananitambua. Nikaandika: English, Kiswahili, Luhya, Maa. Hapo kwa Maa nikaongeza neno moja, fluent.

Wiki iliyofuata simu ikaja. Nimekuwa shortlisted, interview ni Jumanne. Mke wangu alifurahi akapiga suti pasi mara mbili.

Mimi ndipo nikakumbuka ile Maa.

Nilikuwa na siku nne. Mtu pekee niliyemjua wa kunifundisha ni Mama Naserian, anayetuletea maziwa wapangaji wote wa ploti yetu. Lakini ningemwambiaje ni ya interview, na yeye ananijua kama mtu wa online? Nikamwendea kijanja.

"Mama Naserian, huko kwenu watu wakikutana na wewe wanakusalimia aje?"

"Wananiambia takwenya."

"Na wewe unajibu?"

"Najibu iko."

Nilifurahi sana. Iko ni neno nalijua tangu nizaliwe. Nikaona kumbe nusu ya hii lugha tayari niko nayo.

Siku nne nzima, takwenya, iko, takwenya, iko. Mama Naserian akawa ananiongezea maziwa kidogo, anaambia ploti kwamba Baba Ian ana heshima.

Nikasoma pia kwamba mdogo humwinamia mzee, mzee anamgusa kichwa. Hiyo nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nina upara, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi wa nywele.

Jumanne nikafika. Panel ilikuwa ya watu watatu: mama wa HR, engineer kijana, na mzee wa shuka na rungu, mwakilishi wa jamii itakayotumia maji. Nikajua huyo ndiye mtihani wangu.

Nikampita HR, nikampita engineer, nikamwinamia mzee na kusema kwa sauti ya kujiamini, "Takwenya!"

Engineer akaanza kusoma karatasi ambayo haikuwa na maandishi.

Mzee akaweka mkono kwenye upara wangu na kuuacha hapo. Akasema polepole, "Takwenya, yeyo."

Nikajibu bila kusita, "Iko."

Wakuu, mzee alicheka akiwa bado amenishika kichwa. Kila akicheka, kichwa changu nacho kinatingika.

Kumbe takwenya ni salamu ya wanawake. Mwanaume anaambiwa sopa, anajibu epa. Na yeyo ni mama. Yaani nilimsalimia mzee mzima kama mama, halafu akaniita mama nami nikaitikia.

HR akafungua CV yangu. "Hapa umeandika fluent."

Nikafunga na kufungua kifungo cha suti.

"Nani alikufundisha?" mzee akauliza, anapangusa macho na shuka.

"Mama anayetuletea maziwa."

Akacheka tena. Halafu akaacha kucheka. "Na hii ingine yote kwa karatasi, ni ya mama wa maziwa pia?"

Hapo nikaziona zile gumboots. Niliogopa, nakiri. Lakini nilikuwa nimechoka pia, miezi mingi ya kubonyeza laptop iliyokufa. Nikasema ukweli. Excel najua kujumlisha tu. Team leader ilikuwa kwaya ya kanisa, sauti ya bass, wanaume wanne, mmoja hakuja kamwe. Laptop haiwaki.

"Basi unajua nini?" HR akauliza.

Nikamwambia najua store.

Engineer akatoa kikapu cha vyuma vya mabomba na kuniambia nifunge macho. Nikashika kimoja kimoja. Elbow ya nusu. Union ya tatu robo. Gate valve, na hii uzi wake umeliwa, msiifunge popote. Akaikagua, ikawa kweli.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyokuwa fluent nayo siku ile.

Nyumbani nikamuuliza Mama Naserian kwa nini alinifanyia hivyo. Akanishangaa. "Uliniuliza mimi nasalimiwa aje. Ya wanaume hukuuliza."

Ikabidi nimweleze yote, hata ya online. Akakaa juu ya mtungi wa maziwa akacheka. "Baba Ian, ploti yote tulijua. Hiyo laptop hata waya haina."

Simu ikaja siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Probation ya miezi mitatu, na mzee ameweka sharti kwamba ikiisha niwe nasalimia kama mwanaume.

Somo langu ni hili: andika unachokijua. Na kama lazima udanganye lugha, chagua Kifaransa, huku Kajiado hakuna atakayekusalimia.

Nanyi wenzangu, ni neno gani uliandika kwenye CV likakurudia? Msinicheke peke yangu, leteni yenu hapa.

Kazini hakuna anayeniita kwa jina. Naitwa Yeyo. Kila asubuhi askari wa geti, mwanaume wa ndevu zake, ananipigia saluti na kusema takwenya. Jibu la mwanaume siku hizi nalijua vizuri. Lakini nikikumbuka zile gumboots kule Vihiga, najibu tu kama Mama Naserian.

Iko, ndugu yangu. Kazi iko.