Nilivyomgawia Mpagazi Jina Langu

Mpaka leo nachemka kwa hasira, na mpumbavu ni mimi mwenyewe. Nilitoka bomani Songea, nilikokuwa nikiwabebea Wajerumani mizigo, kwenda Lusewa kuchukua mchumba. Wakwe hawakuwahi kuniona. Njiani nilimmwagia mpagazi mwenzangu yote: jina, ukoo, hata mahari aliyopeleka mjomba. Mguu wangu ulipovimba, akanitangulia.

Nilipofika, baba mkwe alikuwa ameshika rungu.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Komba, mposaji."

"Komba kaondoka jana na mke wake."

"Mwongo yule! Mjomba wangu alileta majembe hapa!"

"Hata hilo kalisema. Tena alituonya: 'Kuna mjinga nilimsimulia mambo yangu njiani. Atakuja kujifanya mimi.'"