Sifuri Sita za Bi Mafuvu

Kazini walimwita Bi Mafuvu, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akitunza droo za mafuvu ya popo katika jumba la makumbusho, na ukimuuliza lolote kuhusu popo, jibu alikuwa nalo mdomoni. "Sijui" lilikuwa neno la watu wengine.

Basi mkuu wa kitengo akaleta programu ya kompyuta, ya bure, iliyoandikwa na watu wanaojitolea. Yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Unaipa jedwali la maumbile ya mifupa, nayo inakuchorea mti wa ukoo wa wanyama. Jino la tatu lipo, andika moja. Halipo, sifuri. Hujui, alama ya kuuliza.

Bi Mafuvu akakutana na mataya sita yaliyovunjika papo hapo penye jino. Alama sita za kuuliza, na jina lake juu ya jedwali? Thubutu. Akapiga sifuri sita, akaenda zake kunywa chai.

Mti ukatoka kituko. Popo wake walikuwa wamepachikwa kwenye tawi la watu baki kabisa.

"Bi Mafuvu, jedwali lako liko sawa?" mkuu akauliza.

"Mimi tena, mkuu?" akajibu, akacheka.

Mkuu akawaandikia wenye programu kwamba ina kasoro.

Siku kumi na tisa baadaye mmoja wao akajibu kwenye ukurasa wao, unaosomwa na kila mtu. Alikuwa ameipekua programu mstari kwa mstari, kila atokapo kazini. "Samahanini sana kwa kuwachelewesha," aliandika. "Kosa bado sijaliona, lakini bila shaka ni langu."

Bi Mafuvu alisoma akiwa amesimama nyuma ya mkuu. Mtu asiyemjua, asiyelipwa hata senti, anaomba radhi kwa sifuri zake yeye. Aliona haya mpaka akakosa pa kuuweka uso.

"Mkuu, hebu nipishe hapo kidogo," alisema. Akaketi, akaandika mbele ya wote: "Kosa ni langu. Mataya yalikuwa yamevunjika. Sikujua, nikaandika sifuri."

Yule mtu alimshukuru kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi. Toleo lililofuata likaja na onyo dogo: kama hujui, usiandike sifuri, weka alama ya kuuliza. Halikumtaja mtu. Kila asubuhi Bi Mafuvu akifungua programu hulikuta, na hulisoma lote kabla ya kubonyeza "Sawa".