Laptopu Yenye Mimba

Jina la Bi Sindano lilikuwa utani tangu mwanzo. Mdarizi huyu, ambaye nembo zake zilikaa vifuani mwa wanafunzi wa shule tatu, hakujua kushika sindano ya mkono. Akijaribu tu, anajichoma na kulaumu mwanga. Kazi yote ilifanywa na cherehani ya kudarizi iliyokaa katikati ya chumba cha mbele, nayo cherehani ilipokea amri kutoka kwa kompyuta ya mezani iliyozeeka mpaka ikawa inafunikwa kitambaa mchana, kama mgonjwa.

Mwenye mkono wa sindano alikuwa mama yake. Bibi huyu alikuwa na ua lake: majani matano, manne yamesimama wima na la tano limelala upande. Alilishona mara ya kwanza akiwa na mimba ya Bi Sindano. Alipofika jani la tano mtoto akapiga teke, mkono ukateleza, na kwa kuwa alikuwa mvivu wa kufumua, akaliacha lilivyo. Jani lile likaitwa Teke. Tangu hapo kila mtoto wa ukoo ule amevishwa shali yenye Teke siku ya kuzaliwa, hata yule mpwa aliyekuja kuwa mwanasheria na kujifanya hakuwahi kuwa mtoto.

Macho ya Mama yalipoanza kufifia, miaka kumi na mitano nyuma, mama na binti walikaa wiki nzima mbele ya ile kompyuta wakilihamishia ua ndani ya programu, tundu kwa tundu. Sasa Mama aliona mwanga na kivuli tu. Vidole ndivyo vilivyobaki kuwa macho.

Na sasa binti wa Bi Sindano alikuwa na mimba iliyobakiza wiki moja. Shali ilikuwa bado. Bi Sindano alikuwa akisema kesho, kesho, kwa miezi minane, kwa sababu kushona kwenyewe ni kazi ya saa moja. Jumanne asubuhi alipobonyeza kitufe, kompyuta ilitoa mlio, ikatoa harufu ya kitu kilichoungua, ikanyamaza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake liliuma hasa.

Aliibeba mpaka kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Watu walimwita Fundi Subiri, kwa sababu hana sentensi isiyoanzia hapo.

"Subiri," alisema, kichwa kikiwa ndani ya kompyuta. "Shemeji, huyu ametangulia. Lakini diski yake nzima. Ua lako limo."

"Basi lihamishie kwenye laptopu mpya."

"Subiri. Programu yako inakubali mfumo endeshi wake wa zamani tu, na mfumo ule siku hizi hauungwi mkono."

"Hauungwi mkono na nani?"

"Na wenyewe waliouunda. Wameshautupa."

Bi Sindano akanyoosha mkono wake wa kulia, bangili zikalia. "Wameutupa wao. Mkono si huu hapa? Mimi nauunga."

Fundi alicheka, lakini alimshauri kwanza ajaribu programu mpya. Akamwazima laptopu yake pamoja na waya wa kuiunganisha na cherehani. Programu mpya ililifungua ua mara moja, cherehani ikashona, na ua likatoka zuri, safi, limenyooka. Bi Sindano alikipeleka kipande kile kwa Mama.

Vidole vya Mama vilizunguka. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye la tano vikasimama, vikarudi, vikapita tena.

"Ua la nani hili?" aliuliza.

"Lako, Mama."

"Langu mimi halina adabu hivi. Teke liko wapi?"

Programu ile ilikuwa na bidii kupita kiasi. Iliona jani limelala, ikadhani ni kosa, ikalisimamisha. Fundi akaitwa, na kila alipolilaza, programu ililisimamisha tena, kama mwalimu wa gwaride. Mama akakiweka kile kipande pembeni. Hilo lilimuumiza Bi Sindano kuliko maneno. Teke lile lilikuwa lake yeye, salamu yake ya kwanza kwa mama yake, na uzembe wake ndio ungelipoteza.

Siku ya pili alikuwa dukani kabla Fundi hajafungua kufuli.

"Ipo njia," Fundi alisema. "Tunatafuta laptopu yenye nguvu, yenye mfumo mpya. Halafu ndani yake tunaumba kompyuta nyingine, ya kufikirika, na ndani ya hiyo tunaweka mfumo wako wa zamani."

Bi Sindano alifikiri kidogo. "Kwa hiyo laptopu itakuwa na mimba."

"Subiri... ndiyo. Ina mimba."

"Ungesema hivyo tangu jana! Mjamzito namjua. Anakula kwa ajili ya wawili na anabeba kwa ajili ya wawili. Nionyeshe mwenye nyonga."

Fundi alimwonyesha kwanza laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, nyepesi kama sinia, akaisifu mpaka akaishiwa mate.

"Kumbukumbu ngapi?" Bi Sindano aliuliza. Neno hilo alilijua tangu jana, na alilitumia kama aliyezaliwa nalo.

"Gigabaiti nane."

"Zinaongezeka?"

"Subiri... hapana. Zimechomelewa humo humo."

"Kizuri chajiuza, shemeji, kibaya chajitembeza. Umeitembeza sana hii. Hebu ibebeshe mimba tuone."

Ikabebeshwa. Ilipata joto, ikapumua kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nne na gunia, na katikati ya ua la majaribio ikaganda kabisa. Bi Sindano akaipapasa mgongo. "Pole, mwanangu. Bado mdogo."

Chini ya meza aliona kitu cheusi, kinene, pembe zimechubuka. Fundi akakivuta kwa aibu. Kilitoka ofisi ya wahandisi waliokitumia kuchora madaraja. Kilikuwa na prosesa ya viini vinane, feni mbili, na kifuniko cha chini kilichofunguka kwa bisibisi. Nafasi za kumbukumbu zilikuwa mbili: moja imejaa gigabaiti kumi na sita, nyingine wazi.

"Hiyo moja inatosha?"

"Inatosha na kusaza. Tatizo ni uzito. Kilo tatu na robo."

Bi Sindano aliipakata, akaibembeleza kidogo. "Huo ni uzito wa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni. Nafunga nayo ndoa."

Fundi alifanya kazi hadi Alhamisi saa nne asubuhi. Akatoa onyo moja: mfumo ule wa zamani usiguse intaneti hata kwa bahati mbaya, maana hakuna tena anayeulinda. "Aliye tumboni abaki tumboni," alisema, kumbe naye amekwishaambukizwa lugha ya shemeji yake. Kisha akabonyeza. Ndani ya kioo kikubwa kikafunguka kioo kidogo, na kikatoa ule mlio wa kukaribisha, noti nne za zamani ambazo Bi Sindano alizisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano. Alipiga kigelegele mpaka mteja aliyekuja kununua chaja akapiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Saa sita mchana cherehani ilikuwa kwenye jani la tatu la shali halisi, Mama amekaa pembeni akisikiliza, simu ikaita. Alikuwa mkwe. "Mama, tumeingia hospitali. Daktari anasema ni leo leo."

Bi Sindano akasimama, akakaa, akasimama tena, akakosa pa kuweka mikono.

"Tulia," Mama alisema. "Mtoto ana haraka, uzi hauna. Ukiuharakisha utakatika."

Jani la nne likasimama wima. Cherehani ikapumzika, ikageuza njia, ikaanza la tano, na uzi ukalala upande. Bi Sindano alikata uzi, akaliweka ua chini ya vidole vya Mama. Moja, mbili, tatu, nne. Mama akatabasamu kabla hajafika mwisho.

"Teke," alisema. "Hujambo, mwanangu." Bi Sindano akalia waziwazi, machozi ya furaha, wala hakuyafuta.

Jioni, wodini, mtoto wa kike alikuwa ameshapimwa: kilo tatu na nusu. "Ameishinda laptopu kwa robo," Bi Sindano alimtangazia muuguzi, ambaye aliandika uzito tu. Wakamfunika shali. Mama aliletwa karibu, akaweka kidole juu ya Teke, na kitoto kile, chini ya kitambaa, kikarusha mguu na kukipiga kidole barabara.

Mama alicheka hadi akashika kitanda. "Huyu naye anadai jani lake!"

Bi Sindano akamgeukia Fundi Subiri, aliyesimama mlangoni na maua mkononi.

"Shemeji, ile nafasi ya pili ya kumbukumbu bado iko wazi?"

"Iko wazi," alijibu, na safari hii hakusema subiri.