Mapaja ya Daktari wa Meno

Kila Jumapili daktari wa meno mstaafu hutoka mji wa Utrecht, Uholanzi, kwa baiskeli kwenda kugundua vijiji ambavyo havijawahi kupotea. Akifika kwa Wiesje, muuza mayai kando ya mfereji, hulamba kidole, akakiinua kupima upepo, kisha huanza kuwasema wenye baiskeli za umeme. "Wavivu wale, mama. Upepo unashindwa kwa mapaja." Jasho halimtoki, na mkoba mnene wa nyuma ya baiskeli haufunui kamwe.

Jumapili hii alikuja akiikokota baiskeli, uso umemwiva, kaptura ya kubana imelowa chapachapa. Kidole hakukilamba. Alikohoa, akanong'ona, "Mama, una soketi? Chaji imeniishia."

Wiesje hakuinua macho kutoka kwenye mayai yake. "Ninayo. Haya, lete hayo mapaja niyachomeke."