Mto Unaoishia kwa Pampu

Mwalimu Nekesa alizaliwa Bungoma, akafundisha Gitothua miaka mingi, kisha akahamishiwa Ngoliba, kando ya Mto Thika, kwenye jua la kukausha mate. Huko ndiko alikokutana na Shiko wa gredi ya nne, msichana aliyesoma kwa sauti bila kujikwaa hata mara moja. Ukimuuliza amesoma nini, kimya.

Siku moja darasa lilisoma habari ya mito. Nekesa akauliza mto huishia wapi.

"Inaishia kwa pampu ya kina Muema," Shiko akajibu.

Darasa likaangua kicheko. Nekesa hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameuona Mto Thika wakati wa kiangazi, ukinyonywa na pampu za wakulima wa mboga kama kina Muema mpaka mawe yakabaki uchi. Mtoto alijibu kwa alichokijua, na hakuna aliyewahi kumjulisha zaidi. Jamani, watoto tunawalaumu bure!

Mwalimu mkuu, Bwana Njau, alikuwa na haraka ya kurudi kwenye shamba lake la nyanya kando ya mto, alilolimwagilia kwa pampu. "Madam, huyu Shiko mwakani arudie gredi ya nne. Wewe unatwanga maji kwenye kinu."

"Nipe muhula huu, mwalimu. Kisha umpime mwenyewe, kwa habari ambayo hajawahi kuiona."

Njau akakubali shingo upande.

Basi Nekesa akaacha kurukaruka, leo habari ya ndege, kesho ya harusi. Muhula mzima ukawa wa maji tu. Aliwasomea juu ya mvua, chemchemi, mabwawa, umeme, chumvi ya bahari. Walizungumza kwanza, ndipo wakasoma wenyewe. Kisha akawashusha mtoni, akawaambia kwamba maji yale huingia Tana, na Tana huingia baharini. Shiko alibaki ukingoni mdomo wazi.

"Hii hii yetu, ticha?"

"Hii hii yenu."

Siku ya kupimwa, Njau alileta habari ya wakulima wa mbali, kule Tana inapomwagika baharini. Shiko akasoma: mto ulikuja mwembamba, maji ya chumvi yakapanda mashambani, mpunga ukafa.

"Kwa nini mto ulikuwa mwembamba?" Njau akauliza.

Shiko akaipitia tena mistari kwa kidole.

"Hapa hawajaandika," Shiko akasema mwishowe. "Lakini ni sisi. Sisi ndio tunavuta maji huku juu."

Njau akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta jibu hilo. Halikuwepo. Nekesa alisisimka mwili mzima. Mtoto huyu, huyu wa kurudishwa, alikuwa amesoma mpaka ng'ambo ya maandishi!

Nje, pampu ilikuwa ikinguruma upande wa mtoni, na Ngoliba nzima ilijua ni ya nani. Njau akaugeukia mngurumo huo.

"Gredi ya tano," akasema. Kisha akatoa simu, akamwambia kibarua wake aizime kwanza.