Shimo Chini ya Kitanda

Baba yangu alioa mke mwingine kabla matanga ya mama hayajaisha. Nikaondoka Kolwezi, nikasomea sheria Lubumbashi hadi nikawa wakili, na kwa miaka mingi hatukusemezana. Ndiyo maana aliponipigia simu mwenyewe, nilijiuliza kwanza anataka nini kwangu.

"Bananisambisha," alisema, yaani wamemshtaki. "Weye uko avoka. Kuya."

Jiko la jirani yake lilikuwa limedidimia ardhini mchana kweupe, na mke wa jirani akavunjika mguu. Jirani alimshtaki baba. Alidai kwamba kwa muda mrefu alisikia nyundo chini ya sakafu, na kwamba sauti ilitoka upande wetu. Katika mtaa ule kila mtu alijua kuna madini ya kobalti chini ya nyumba, na kila mtu alimchunguza mwenzake anapotoa mchanga nje.

Nilipofika, baba aliniwekea kiti uani kama mgeni. Mke wake akaniletea bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa ziwa Nzilo. Mtoto wao, mdogo wangu, mwanaume mwenye mke tayari, mchimbaji katika mgodi wa Mutoshi, alinisalimia kwa heshima nyingi mno, kisha akaaga kabla sijanawa mikono. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli. Nilimwuliza baba kuna nini ndani. Akasema vitu vya zamani. Nikaomba ufunguo, akasema umepotea. Nikamwambia wakili hawezi kumtetea mtu anayemficha mambo. Akajibu kwamba yeye hakuchimba, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Sikumwamini. Nilidhani ameweka vijana wamchimbie.

Mahakamani, hakimu alimsikiliza jirani, kisha akaamuru twende wote tukaone. Polisi akavunja kufuli. Chini ya kitanda palikuwa na mbao, na chini ya mbao shimo jeusi, kuta zake zimekatwa vidato vya kukanyagia. Jirani alinitazama mimi, si baba, kana kwamba nilijua.

Tuliporudi mahakamani, hakimu aliuliza ni nani aliyechimba.

"Ni mi," baba akasema. "Peke yangu."

Hapo shaka yangu ikageuka. Baba aliumia bega la kuume mgodini nilipokuwa shule ya msingi. Tangu hapo mama ndiye aliyemvalisha shati. Mtu yule hakuweza kuchimba hata shimo la kupandia mgomba. Nikawatazama waliokaa nyuma. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, na mama yake ameukamata mkono wake kwa nguvu.

Nikaelewa. Na kilichoniuma kwanza hakikuwa ule uongo. Ni kwamba baba alikuwa tayari kwenda gerezani kwa ajili ya mtoto yule.

Nikaomba ruhusa ya kuzungumza na mteja wangu.

"Tata," nikamwambia baba, "inua mukono ya kuume."

Hakutaka. Hakimu akamwagiza afanye hivyo. Mkono ukafika kifuani, ukaishia hapo.

"Nilikuita juu ya kunitetea," aliniambia polepole, "hapana kunipatisha haya."

Nyuma yangu benchi lilikwaruza sakafu. Mdogo wangu alikuwa amesimama. Alisema ni yeye na wenzake waliochimba, wakati baba yuko Likasi kwa matibabu. Baba aliporudi aliwafukuza wale wenzake, akafunga chumba, akawakataza watu wa nyumbani wasiseme.

Hakimu alimpa mdogo wangu kifungo, lakini akakiahirisha kwa sharti kwamba tulifukie shimo na kumjengea jirani jiko jipya. Nilibaki Kolwezi hadi kazi ilipoanza. Mdogo wangu alibeba matofali bila kunitazama. Baba alikaa uani, nami kando yake, tukizungumza kidogo.

Siku ya kuondoka nilimwuliza jambo lililonisumbua: Kolwezi ina mawakili wengi, kwa nini alimwita anayelijua bega lake?

"Uko mutoto yangu," alisema.

Nikasubiri aongeze neno. Aliniuliza tu kama wajukuu wake wanasoma vizuri.

Kuna siku naliamini jibu lile. Kuna siku nadhani alinichagua nifanye alichoshindwa kufanya mwenyewe, kumtoa mwanawe hadharani. Sasa hunipigia simu Jumapili baada ya misa, nami huisikiliza kwanza sauti yake, kisha ndipo nayasikiliza maneno.