Maji Chini ya Sakafu

Mkaguzi wa boti alivua viatu kabla ya kupanda, akavipanga sawasawa kama aliyefika mlangoni kwa watu. Kwa nyundo ndogo ya plastiki aligonga ubavu wa mashua ya matanga tuliyotaka kuinunua, shubiri kwa shubiri, ameinamisha sikio. Sauti ilipobadilika, alichora duara kwa chaki. Mwenye mashua alimfuata akiisifia injini. Yeye alijibu "naam" bila kuacha kugonga. Ndani, mke wangu alikuwa ameshawagawia watoto vitanda.

Kisha mkaguzi akainua mbao za sakafu. Chini yake maji yalikuwa yametuama.

"Ya mvua hayo," mwenye mashua akasema. "Juzi ilinyesha kweli kweli."

Mkaguzi alichovya kidole, akakionja, akakifuta kwa leso iliyokunjwa vizuri. "Ndugu yangu," alisema kwa upole, "mvua yako ina chumvi."

Mwenye mashua alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Bahari inaingia, shemeji," mkaguzi akamwambia mke wangu. "Watoto usiwapandishe humu."

Hatukuinunua. Watoto walinuna wiki nzima, na kila asubuhi nilishukuru kuwaona wamenuna.